Mkono au pampu? Kumkamulia mtoto njiti maziwa, na nafasi ya kangaruu (mtoto kufungwa kifuani mwa mzazi, ngozi kwa ngozi) katika ratiba

Mtoto njiti, aliyezaliwa na wiki 30 za mimba, bado hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Kwa wengi uwezo huo huja karibu na wiki ya 34. Kwa hiyo kuna mwezi mzima, wakati mwingine zaidi, ambao titi halina wa kulinyonya, na mama ndiye anayebaki na kazi ya kulifanya liendelee kutengeneza maziwa. Hapo ndipo swali la kifaa linapoanzia wodini: nikamue kwa mkono au nitafutiwe pampu? Ipi? Na ile inayouzwa dukani kwa bei ndogo inafaa?

Jibu letu tunaliweka mbele ili aliye na haraka asipotee. Siku 3 za mwanzo, tumia mkono, hata kama pampu nzuri iko mezani. Kuanzia siku ya 4, pampu ya umeme inayokamua matiti yote mawili kwa pamoja ndiyo inayopunguza uchovu, ila mkono usiachwe. Ukikosa pampu ya umeme, mkono peke yake unaweza kumlisha mtoto wako mpaka aanze kunyonya, mradi idadi ya kukamua itimie. Pampu yenye mpira kama honi ya baiskeli usiinunue, na ukipewa zawadi usiitumie.

Kipimo cha kulinganishia

Wengi hulinganisha vifaa kwa kasi: kipi kinatoa maziwa mengi kwa dakika 15. Kwa mama wa njiti kipimo hicho kinapotosha. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Kila likikamuliwa, homoni ya prolaktini hupanda na kuagiza mengine. Likiachwa limejaa saa nyingi, maziwa yaliyobaki humo ndani yenyewe huzuia utengenezaji. Kwa hiyo kifaa kizuri ni kile kitakachokuwezesha kukamua mara 8 ndani ya saa 24, titi likaisha vizuri, kikasafishwa kila mara, na bado kikatumika saa 9 usiku umeme ukiwa umekatika.

Anza ndani ya saa ya kwanza baada ya kujifungua ukiwa na nguvu, na usivuke saa 6 kama hali yako inaruhusu. Aliyefanyiwa upasuaji anaweza kukamuliwa na muuguzi au ndugu akiwa amelala. Siku ya kwanza utapata matone, pengine kijiko kimoja cha chai. Hicho si kidogo: ni dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, na tumbo la njiti siku hiyo halihitaji zaidi. Baada ya hapo lenga kufika mililita 500 hadi 750 kwa siku ifikapo siku ya 14.

Wapo wanaoshtuka kusikia lengo hilo, kwa sababu mtoto mwenyewe anakula kidogo sana. Piga hesabu. Mtoto wa kilo 1.5 akifikia mililita 160 kwa kila kilo, anahitaji 240 kwa siku, yaani 30 kila baada ya saa 3. Mama anaona 240 zinatosha, anapunguza kukamua. Wiki 5 baadaye mtoto ana kilo 2.5 na anataka 400, na titi lililozoeshwa 240 halipandi kirahisi. Wiki 2 za mwanzo ndizo zinazoweka kiwango. Kama kuna juhudi moja ya kuitoa yote, iwe hapo.

Mkono: hatua, na makosa yanayofanya mama aseme "sina maziwa"

Nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Kaa, egemea mbele kidogo, weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye titi kwa dakika 3 hadi 5, kisha lisugue taratibu kwa ncha za vidole kutoka juu kuelekea kwenye chuchu.

Weka kidole gumba juu ya chuchu na cha shahada chini yake, vyote umbali wa sentimita 4 hivi kutoka ncha ya chuchu, vikitazamana kama herufi C. Kwanza sukuma nyuma kuelekea mbavuni. Ukishasukuma, ndipo uminye vidole vikutane. Achia. Rudia: sukuma, minya, achia. Dakika ya kwanza huenda kusitoke kitu. Endelea, usibadilishe mtindo. Maziwa yakianza kuchuruzika, zungusha vidole pembeni, halafu kona nyingine, kwa sababu kila upande wa titi una vifereji vyake. Kamua titi moja dakika 3 hadi 5 mpaka yapungue kasi, hamia la pili, rudi la kwanza. Zoezi zima ni dakika 20 hadi 30.

Kosa la kwanza ni kuvuta chuchu yenyewe, kama anayekamua ng'ombe. Maziwa hayakai kwenye chuchu, na utakachopata ni maumivu na michubuko. La pili ni kuteleza: vidole vinasuguana na ngozi badala ya kubaki palepale na kuminya kilicho chini yake. Ngozi ikiwaka moto baada ya kukamua, ujue ulikuwa unateleza. Futa maziwa kwenye vidole, vishike vizuri. La tatu ni kuminya bila kusukuma nyuma kwanza, na hili ndilo linalotokea sana kwa wanaojifunza kwa kuangalia tu jirani wa kitanda cha pili.

Mkono unashinda siku za mwanzo kwa sababu moja ya wazi kabisa. Dang'a ni nzito na ni matone. Pampu ikivuta matone 10, yanagandia kwenye koni, kwenye vali na kwenye kuta za chupa, na hakuna kinachofika kwa mtoto. Ukikamua kwa mkono juu ya kijiko cha chai kilichochemshwa, mtu wa pili anavuta tone kwa tone kwa bomba la sindano la mililita 1 lisilo na sindano, na hakuna kinachopotea. Hata mtoto ambaye daktari hajaruhusu alishwe anaweza kupakwa matone 2 au 3 ndani ya kila shavu, muuguzi akikubali. Ni kinga ya mama inayoingia kupitia mdomo.

Pampu, zikiwekwa ubavu kwa ubavu

| | Mkono | Pampu ya kubana kwa kiganja | Pampu ya umeme, pande mbili |
|---|---|---|---|
| Inafaa lini | Tangu saa ya kwanza. Dang'a | Baada ya maziwa kujaa | Baada ya maziwa kujaa, hasa mtoto akikaa wodini wiki nyingi |
| Muda kwa mara moja | Dakika 20–30 | 20–30 | 15–20 |
| Cha kusafisha | Mikono na chombo kimoja | Vipande 5 hivi | Vipande 8 au zaidi |
| Umeme ukikatika | Haina shida | Haina shida | Betri, au urudi mkononi |
| Kinachoharibika | Mbinu | Vali na mpini | Vali, kiwambo, mirija, chaja |
| Uchovu | Vidole na mabega | Kifundo cha mkono | Mdogo |

Ile ya honi haimo kwenye jedwali kwa makusudi. Maziwa hurudi ndani ya mpira wake, hakuna brashi inayofika humo, na mtoto wa kilo 1.2 hana kinga ya kuvumilia vijidudu vitakavyoota. Pia haina namna ya kupima nguvu ya kuvuta, ndiyo maana huacha chuchu na damu.

Pampu ya kubana kwa kiganja ni nzuri kwa anayekamua mara 1 au 2 kwa siku, mfano aliyerudi kazini. Kwa mara 8 kila siku, mwezi mzima, kifundo cha mkono kitalalamika kabla ya wiki kwisha. Ichukue kama akiba.

Ya umeme ndiyo inayohitaji macho. Kabla ya kulipa, uliza ukubwa wa koni, ile sehemu inayokaa kwenye titi. Nyingi huja na ya milimita 24, na si kila mama ni wa 24. Chuchu ikisuguana na kuta za koni, ni ndogo kwako. Duara jeusi likivutwa kwa wingi ndani ya koni, ni kubwa. Koni isiyokufaa huacha mabonge titini na maziwa hushuka siku hadi siku, na lawama anabebeshwa mama.

Anza na mvuto mdogo wa harakaharaka mpaka maziwa yatiririke, ndipo upandishe nguvu na kupunguza mwendo. Pandisha mpaka mahali unapohisi kuvutwa bila kuumia, usivuke. Maumivu huzuia oksitosini, homoni inayosukuma maziwa yatoke, kwa hiyo kuikaza mashine kunapunguza maziwa. Endelea dakika 2 baada ya tone la mwisho.

Pampu iliyovuta vizuri jana ikilegea leo, usikimbilie fundi. Angalia vali na kiwambo, kile kipande laini cha mpira kilicho chini ya koni. Ufa wa nywele tu unamaliza mvuto wote. Nunua vya akiba siku hiyohiyo unayonunua pampu. Mirija ya hewa ikiwa na unyevu ndani, itoe, ikaushe. Ikiota madoa meusi, tupa. Pampu ya mitumba au ya kuazima isiyo na kizuizi kati ya maziwa na mota, ikatae: maziwa ya aliyeitumia kabla yako huenda yalifika ndani ambako hakusafishiki.

Kila baada ya kukamua, suuza vipande kwa maji baridi, osha kwa maji ya moto na sabuni kwenye beseni lake pekee, kisha chemsha dakika 10 kuhesabu tangu maji yatokote. Anika juu ya kitambaa safi, usifute kwa kanga uliyojifunga.

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa na pampu: mashine ni nzuri, ila wodi haina jiko, na mara 8 kwa siku za kuchemsha vipande 8 haziwezekani. Ukiona hali yako ni hiyo, mkono ni chaguo bora kabisa, wala si la unyonge.

Vyote viwili kwa pamoja

Mwenye pampu ya umeme apate faida ya mkono pia. Papasa titi kabla. Pampu ikiwa inavuta, bana titi taratibu kwa kiganja pale palipo pagumu. Ukiizima, maliza kwa mkono dakika 3 hadi 5 kila upande. Maziwa hayo ya mwisho ndiyo mazito kwa mafuta, na njiti anayahitaji ili aongeze uzito. Mama anayepata mengi kuliko mtoto anavyohitaji azungumze na muuguzi kuhusu kuyatenga ya mwisho na kumpa hayo kwanza.

Ratiba rahisi kukumbuka ni ile inayofuata saa za kulisha wodini: saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6, saa 9 alasiri, saa 12 jioni, saa 3 usiku, saa 6 usiku, saa 9 usiku. Ya saa 9 usiku ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye thamani, maana prolaktini huwa juu usiku. Ukichelewa moja usikate tamaa. Sogeza, kamua, ila usikae zaidi ya saa 5 mfululizo bila kukamua.

Kangaruu na inkubeta

Mara nyingi huelezwa kana kwamba kangaruu ni mbadala wa maskini pale inkubeta, yaani masanduku ya kumpa mtoto joto, zinapokosekana. Kweli ilianza hivyo, Bogotá, Colombia, mwaka 1978, wodi zikiwa zimejaa. Tangu hapo ushahidi umeenda mbali. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa 2021 ulifanyika katika hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ya Tanzania ikiwa Muhimbili. Watoto 3,211 wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 waligawanywa: wengine waliwekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa, wengine walisubiri watulie kwanza kwenye inkubeta au kitanda cha joto. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 12.0 ya kundi la kwanza na asilimia 15.7 ya kundi la pili. Mwaka 2022 Shirika hilo likapendekeza saa 8 hadi 24 za kangaruu kwa siku, zianze mapema iwezekanavyo.

Inkubeta ina nafasi yake: mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe, aliye kwenye mshtuko, au ambaye mama yake bado yuko chumba cha upasuaji na baba hajafika. Inampa joto. Haimpi harufu ya mama, mapigo ya moyo, wala haimwagizi mama maziwa. Kifua kinafanya yote hayo, na kinalinda joto la mtoto ndani ya nyuzi 36.5 hadi 37.5.

Namna ya kumfunga ndiyo inayoamua. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu. Msimamishe katikati ya matiti, kifua chake juu ya kifua chako, miguu ikunjwe kama chura. Geuza kichwa upande, kidevu kikiinuliwa kidogo kama anayenusa. Funga kitenge kizito au mkanda unaovutika. Ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake. Kaza pale kwenye kifua, legeza kwenye tumbo ili apumue. Simama uone: asiteleze. Kanga nyepesi hulegea baada ya nusu saa, mtoto anashuka, shingo inakunjika na pua inabanwa. Kidevu kikigusa kifua chake, mfungue umpange upya mara hiyohiyo. Usiku lala umeegemea mito, kifua kikiwa juu, usilale bapa.

Mkao usiwe chini ya saa 1, maana kumtoa na kumrudisha kunamchosha. Na hapa ndipo kangaruu inapoungana na kukamua: kamua ukiwa naye kifuani au mara tu baada ya kumtoa. Akiwa amefungwa, mkono mmoja unaweza kukamua titi la upande wa pili, chombo kikiwa kimeshikwa na ndugu. Mama ambaye bado hawezi kumshika aweke picha yake mbele, au kofia aliyovaa mtoto karibu na pua. Baba, bibi na shangazi nao wanaweza kufunga kangaruu mama akienda kuoga au kulala. Hiyo ndiyo njia ya kufikisha saa 20 bila kumwangusha mama. Naye baba anapata mwanawe mapema, si kwa kumtazama nyuma ya kioo.

Mpira, kikombe, chupa

Chini ya wiki 32 ni mpira unaopita mdomoni au puani hadi tumboni. Maziwa yashuke yenyewe: shikilia bomba la sindano wima juu ya mtoto, usisukume. Likiwa limelala, mafuta hugandia ndani yake, na kalori alizozihangaikia mama zinatupwa. Mtoto akiwa kwenye mpira, mweke kwenye titi lililokwishakamuliwa alambe; anajifunza kuwa kushiba na titi ni kitu kimoja.

Kati ya wiki 32 na 34 wengi wanaweza kikombe. Mkalishe wima, gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yafike tu mdomoni. Aachwe alambe. Ukimmiminia, atapaliwa. Chupa tungeiacha: chuchu yake ni ngumu kusafisha, na mtoto akizoea mtiririko wa haraka hulikataa titi.

Kuhifadhi

Tumia chombo cha kioo au plastiki ngumu chenye kifuniko, na uandike jina, tarehe na saa. Mezani yasizidi saa 4. Dar au Mombasa mwezi wa Februari, feni ikiwa imezima, yaende kwenye kiboksi cha barafu mara moja. Kwenye friji, kwa njiti, yatumike ndani ya saa 48. Yasikae mlangoni. Yaliyoganda yayeyushwe kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, yasiwekwe jikoni wala kwenye maikrowevu, na yasigandishwe tena.

Yakikosekana kabisa

Kabla ya kusema yamekosekana, hesabu umekamua mara ngapi jana. Uji wa pilipili manga na mtori vinampa mama maji na nguvu, navyo tunavipenda, ila titi lisilokamuliwa haliitikii uji. Dawa za kuongeza maziwa ni za daktari. Maziwa ya jirani mbichi usimpe mtoto, hata kama ni kwa upendo, kwa sababu ya virusi. Yanayofaa ni ya benki ya maziwa, yaliyopimwa na kupashwa nyuzi 62.5 kwa dakika 30, kama yanavyoandaliwa hospitali ya Pumwani, Nairobi, tangu 2019. Pasipo benki, ni maziwa ya unga maalumu ya njiti kwa maelekezo ya daktari, huku mama akiendelea kukamua. Titi likiwa jekundu, linauma na una homa, nenda kwa mganga siku hiyo, na usiache kulikamua.

Akianza kunyonya

Usiache pampu wala mkono siku anapolishika titi. Njiti hunyonya dakika chache, anasinzia, titi linabaki na nusu. Mnyonyeshe, kisha kamua, na umpe yale kwa kikombe. Mpime uzito; tunatarajia gramu 15 kwa kila kilo kwa siku, yaani mtoto wa kilo 1.8 aongeze gramu 27 hivi. Akiongezeka hivyo kwa titi pekee siku kadhaa mfululizo, punguza kukamua mara moja moja, ukianza na za mchana. Ya saa 9 usiku iwe ya mwisho kuachwa.